Ndafu Alikaa Dirishani

Usiku wa jana niliota nimo katikati ya ugomvi na ndafu. Nilikuwa nimeshika kiti cha dirishani, na yeye alikuwa amekikalia: mbuzi mzima wa kuchoma, amevaa miwani ya jua, majani mdomoni, kama nilivyompamba mwenyewe kwa ajili ya sherehe.

"Toka hapo," nilimwambia. "Wewe umeshakufa. Dirisha la nini?"

"Nimekufa, lakini ninajulikana," alijibu ndafu. "Wewe anakujua nani, Mama Namkunda?"

Nilimkumbusha kwamba ndimu na kitunguu saumu nilimpaka mimi, na makaa nilipuliza mimi, kwa hiyo asiniletee maringo. Akasema hayo hayamo katika utaratibu. Utaratibu ulisema wanaojulikana wanakaa, waliowapikia wanasimama.

Safari yenyewe ilikuwa ya angani. Watu wakubwa wa mji walikuwa wanakwenda kuizunguka dunia na kurudi kabla keki haijakatwa. Na kwa kuwa kwetu hakuna mtu wa maana anayeondoka bila kuagwa, waliandaliwa sherehe ya kuagwa yenye kamati, MC na sare za kitenge cha zambarau. Mimi nilikuwa kamati ya chakula. Muda wa kuondoka ulipofika hakuna aliyekumbuka kutushusha, basi ukumbi ukapaa na viti vyake, mapazia yake ya satini na masufuria yangu ya pilau.

Anga sikuwa na haja nalo. Dirisha nililitaka kwa ajili ya binti yangu. Namkunda ameolewa Sumbawanga na mimi naishi Morogoro. Kwetu mama mkwe haendi kwa mkwewe mpaka aalikwe na wazazi wa upande ule, na wazazi wa upande ule hawana haraka. Tangu aolewe namsikia kwenye simu tu. Ananiambia amenenepa. Jambo kama hilo mama halipokei kwa simu. Anataka kuona.

Humo humo ndotoni nikawa nimeshaupangia hila mwiko huo. Kupita juu ya nyumba siyo kuingia. Hakuna mjomba wala shangazi atakayesema nimekanyaga mlango wa mkwe wangu ikiwa nilikuwa angani.

Ukutani, pale panapobandikwa majina ya bwana na bibi harusi, kuna geji kubwa yenye mshale. MC, mwenye koti la kumetameta, ananieleza kwa kipaza sauti ingawa nimesimama ubavuni kwake. Chombo hiki hakitumii mafuta. Kinatumia maneno ya watu waliobaki chini.

Maneno yanakuja kwa bomba la maji lililopenyezwa sakafuni. Nainama kusikiliza. Mwanamume mmoja anasema zahanati ya mtaani kwake haina kitanda cha kujifungulia, na hawa wanakwenda kutazama mawingu kwa upande wa juu. Mshale unapanda. Mwanamke anamjibu kwamba ni jasho lao, awaache wale maisha, yeye angepewa nafasi angeondoka leo na watoto wangejisongea ugali wenyewe. Mshale unapanda vilevile. Mwingine anauliza wakirudi watatuletea nini, maana hata anayetoka Lushoto huja na matunda. Unapanda tena.

"Na hao wanaotusema vibaya?" namuuliza MC.

"Hao ndio wanaotufikisha mbali, mama," anasema. "Wanaotusifu huchoka mapema."

Waheshimiwa wenyewe walikuwa wamelipa dirisha mgongo. Mwenye vituo vya mafuta, mchezaji mpira mstaafu na msanii mwenye kucha ndefu walikuwa wanajipiga picha, dunia ikionekana nyuma ya mabega yao kama kapu la mboga. Nilimuuliza msanii ameona nini mpaka sasa. Akasema ataangalia akifika nyumbani.

Kisha huko chini ikafika jioni. Bombani nilisikia mtu akisema ngoja nikawashe jiko, mwingine akiita mtoto aanue nguo. Wakaondoka mmoja mmoja, na hakuna tena aliyetusema kwa wema wala kwa ubaya. Mshale ukaanza kushuka. Ukumbi nao ukashuka, mifuniko ya masufuria ikigongana.

Ukumbi ulipoinama, ndafu aliteleza kwa mafuta yake mwenyewe mpaka chini ya meza kuu. Mafuta nilimpaka vizuri. Nikakaa dirishani.

Naiona Morogoro ikipita, halafu bwawa la Mtera, halafu sehemu kubwa ambayo sikuwahi kuipitia. Halafu mahindi, mahindi, na bati la bluu lenye tangi jeusi pembeni. Namkunda alishanieleza bati hilo mara nyingi kiasi kwamba ningelitambua hata gizani.

MC ananijia mbio. Tunaanguka, anasema. Waheshimiwa hawawezi kujisema wenyewe, geji haipokei. Wanahitaji neno la mtu wa kawaida, na wa kawaida humu ni mimi peke yangu.

"Tutukane, mama," anasema. "Au tusifie. Sisi vyote tunapokea."

Kila anayenijua anajua mdomo wangu. Mtaani wananiita redio. Na maneno nilikuwa nayo, hasa juu ya kile kitanda cha zahanati. Lakini kila tulivyoshuka bati lilizidi kuwa kubwa, kwa hiyo nilifunga mdomo nikaukaza.

Msanii akaja akapiga magoti, akaniomba nimwonee huruma. Akafuata macho yangu mpaka dirishani.

"Ni nani yule?"

Nikajigonga kifua kwa kiganja. Akatazama tena, akainuka, akamnyang'anya MC kipaza sauti na kukikalia.

"Mwacheni mama wa watu aangalie," alisema.

Namkunda yuko uani. Anaanua nguo kwenye kamba. Amevaa gauni langu la zamani lenye maua, nililompa akafanyie usafi. Anafika kwenye shuka, anasimama, anaweka mkono kiunoni na kuupinda mgongo nyuma kidogo.

Hajanenepa. Nimezaa watoto wanne, ule mkono naujua. Binti yangu ni mjamzito na amekaribia, na anaanua shuka peke yake.

Dirisha lilikuwa na komeo la kawaida, kama la jikoni kwangu. Nikalifungua. Kusema siwezi, kwa sababu neno lolote litatupandisha. Nikavua ndala ya kulia, ile yenye msumari chini kwa sababu kamba ilishakatika, nikaitupa.

Ikagonga bati kwa kishindo. Namkunda akageuka. Akakinga macho kwa kiganja akatazama juu, moja kwa moja usoni kwangu, na akaanza kutabasamu, pole pole, kama mtu asiye na hakika.

Hapo nikashindwa. Nilimwita jina lake.

Mshale uliruka mpaka mwisho wa geji. Uso wake ukawa mdogo kama punje, bati likawa kifungo cha shati, Ziwa Rukwa likawa sahani, kisha mawingu yakafunika kila kitu. Huku nyuma waheshimiwa walikuwa wanapiga makofi.

"Ungenyamaza kidogo tu," alisema ndafu kutoka chini ya meza.

Nikamwambia najua.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha na Baba Namkunda alikuwa anakunywa chai. Nikashusha miguu. Wa kushoto uliikuta ndala. Wa kulia ulikanyaga saruji.

Nilitafuta uvunguni, nyuma ya mlango, bombani, hata kwenye banda la kuku. Mume wangu akaniambia nikumbuke nilipoivulia.

"Iko juu ya bati la Namkunda," nilisema.

Akauliza kama barua ya mwaliko imefika, maana yeye hajaiona. Nikamwambia haijafika, na wala siendi kutembea.

"Nafuata ndala yangu. Mtu kufuata kitu chake, hilo nalo linahitaji mwaliko?"

Akafikiri mpaka chai ikaisha kikombeni. Kisha akapanda juu ya kigoda akanishushia begi kabatini, akalipangusa vumbi kwa mkono wake.

Nikatia khanga laini za kubebea, unga wa ulezi, kamba mpya ya kuanikia nguo, na ile ndala ya kushoto. Nikavaa viatu vya kanisani nikatoka. Stendi nilikuta basi la Sumbawanga limeshawasha injini. Kondakta akasema nina bahati, kimebaki kiti kimoja, cha dirishani. Nikakaa.