Maji ya Mtu Mmoja

Kaka Habibu alituma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp: mpera wa nyuma ya nyumba ya mama, kule Ihumwa, umebaki mifupa mitupu. Chini yake akaandika, "Umekufa. Jumamosi naukata." Nilipandwa na hasira. Mti alioupanda marehemu baba mwaka niliozaliwa, yeye anautangazia kifo kama kuku wa jirani! Jumamosi nikadamkia huko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Asma. Umekuja mazikoni?"

Habibu alikuwa ameshaegemeza shoka ukutani. "Mti ukimwangukia mama, utasema nini?" akaniuliza.

Nilifanya kama baba alivyotufundisha, nikakwangua gome kwa ukucha. Kukiwa na kijani chini yake, mti u hai. Tawi la kwanza lilikuwa kahawia. La pili likanikatikia mkononi. Nikaendelea kulizunguka shina.

Zamani bafu letu lilikuwa papo hapo uani, la mabati, na baba alichimba mfereji kutoka bafuni hadi shinani. "Dodoma maji hayafanyi kazi moja," alizoea kusema. Tulikuwa watoto sita na kila asubuhi foleni ya ndoo. Anayekawia aligongewa bati: "Toka, mpera umeshiba!" Wenzetu shuleni walitutania eti mapera yetu yana ladha ya sabuni ya mche, na bado waliyamaliza. Wallahi, sijapata tena asubuhi zenye raha kama zile.

Kisha sisi mabinti tukaolewa, wengine wakafuata kazi, baba akafariki. Habibu akamjengea mama bafu la ndani, lenye vigae, ili asiteleze uani. Alifanya vyema, sina ubishi. Ila maji yakawa yanaishia shimoni, na mfereji ukajaa mchanga.

Upande wa jikoni lilibaki tawi moja, lile la chini. Nikakwangua. Kijani! Nikatazama juu nikaona vipera vichanga vimejificha kwenye majani.

"Kaka, njoo uone maiti wako!"

Akaja, akakwangua na yeye, kana kwamba ukucha wangu haufai ushahidi. Kisha akainama akagusa udongo chini ya lile tawi. Ulikuwa na unyevu. "Nani anamwagilia hapa?"

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko, birika mkononi. Habibu amemgombeza mara nyingi kwa kutawadha nje wakati sinki lipo ndani, naye humwambia, "Ndiyo, baba," kisha hutoka na birika lake.

"Ndani maji yanapotea," mama akasema. Akautazama mti. "Lakini watoto mmeondoka wote. Maji ya mtu mmoja yanatosha tawi moja."

Nilitaka kujikaza, nikashindwa, nikalia.

Habibu alirudisha shoka stoo, akatoka na jembe. Akauzibua mfereji mpaka shinani. Halafu akaondoa kuni zilizojazwa kwenye lile bafu la mabati, akajaza ndoo, akaingia. Tukasikia maji yakimwagika, kisha tukayaona yakija na povu lake, yanakokota majani makavu.

Alipokawia, nikainua mkono nigonge bati. Mama akanishika.

"Mwache aoge," akasema. "Haujashiba."