Siku ya Kuzaliwa ya Mdakaji

Gerishon alikuwa na siku za kuzaliwa za timu nzima kichwani. Ilikuwa timu ya besiboli ya shule yao ya sekondari kule Meru, iliyoanzishwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani ambaye alikuja na magunia mawili ya glavu, na alipoondoka akawaachia. Wachezaji wenyewe walikuwa watu wazima sasa, wametawanyika huku na huku. Gerishon aliangukia Doha, Qatar, mlinzi kwenye lango la maegesho ya jengo moja mtaa mpya wa Lusail.

Siku ya mmoja wao ikifika, aliandika kwenye kundi lao la WhatsApp asubuhi, akingoja basi la kampuni pale Industrial Area, kwenye makazi ya wafanyakazi. Hakuandika heri tupu. Aliongeza habari kidogo ya uchezaji wa mtu. "Leo amezaliwa Rodney wetu. Ule mpira alioupiga tukicheza na shule ya Maua uliingia shamba la mwalimu mkuu, na mpaka leo mahindi hayajautoa."

Miaka ya mwanzo walikuwa wakijibu mpaka simu inapata moto. Siku hizi walisoma tu, wakanyamaza. Siku yake mwenyewe, mwezi wa pili, ilipita hivihivi, naye akaona haya kujiandikia.

Hata hivyo hakuacha. Chumbani alilala na Wanepali watatu, watu wazuri, wakarimu wa chai, ila maneno waliyoelewana yalikuwa machache, nayo yaliisha mapema. Getini alisema "good morning, sir" kutwa. Zile salamu za siku za kuzaliwa ndizo zilizobaki kumkumbusha kwamba kuna mahali aliwahi kujulikana.

Mwezi wa nane ulikuwa wa Trevor. Trevor alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuidaka mipira ya mrushaji. Mrushaji alikuwa Gerishon. Kwa hiyo ya Trevor aliiandika ndefu kuliko zote, akamalizia: "Mdakaji wangu, uishi miaka mingi."

Jibu lilimkuta kazini, amejibanza kwenye kibanda chake, nje joto linachoma lami. Halikuja kwenye kundi. Lilikuja kwake peke yake, kutoka namba ya Trevor.

"Shemeji Gerishon, mimi ni Rael, mke wa Trevor. Trevor alituacha mwezi wa tano. Ni figo. Lenny na Rodney wa timu yenu walikuja mazishi, wakasema umeshaambiwa."

Gari lilipiga honi. Akainua kizuizi, likapita, akakishusha. Akausoma ujumbe upya. Mwezi wa tano. Alijaribu kukumbuka alikuwa akifanya nini siku wanamzika Trevor, na hakuna alichokumbuka ila kizuizi hikihiki, kikipanda na kushuka.

Saa ya chakula ilipofika alishuka kwenye ngazi za chini ya jengo, mahali pasipo watu. Kupiga simu kwa WhatsApp huku hakukubali, basi akarekodi sauti.

"Shemeji, pole. Pole sana. Sikuambiwa. Wallahi sikuambiwa na mtu."

Akangoja. Sauti ya Rael ilipofika ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka kulia.

"Nilishangaa kuona umeandika aishi. Nikasema huyu hajui. Shemeji, nikuulize kitu. Kila mwaka ukimwandikia, alikuwa anacheka peke yake. Nikimuuliza ni nani, anasema ni mrushaji wangu. Mimi nilidhani ni jina la utani. Siku ya mazishi walisoma wasifu wake, kazi, kanisa, kila kitu. Huo mchezo haukutajwa. Alikuwa anajua kuucheza kweli?"

Gerishon akaketi kwenye ngazi.

"Alikuwa anajua, shemeji! Sikiza. Tulienda Nairobi, mechi ya mwisho. Mpira wangu ulikuwa mkali, hakuna mwingine aliyeweza kuudaka. Katikati ya mchezo ulimgonga kidole, cha kati, mkono wa kulia. Kikavunjika. Hakusema! Alijua akitoka, na mimi nimekwisha. Akaendelea kudaka. Mwishoni mimi nikaanza kutetemeka, mipira inaenda kombo. Akasimamisha mchezo, akanijia taratibu, uwanja mzima unadhani ananiletea mbinu. Akaniuliza, 'Kwani leo tunakula nini?' Hivyo tu. Nikacheka, mkono ukatulia. Tulishindwa kwa pointi moja, lakini tulishindwa tukicheka. Kidole tulikiona kwenye gari tukirudi, kimevimba kama ndizi."

Alipotuma ndipo alipogundua uso wake umelowa. Alijipangusa kwa mkono wa shati la kazi.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja, Rael alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na nyuma yake kulikuwa na sauti ya mama mtu mzima akiuliza amesema nini, amesema nini.

"Shemeji, hicho kidole! Kilikuwa kimepinda. Miaka yote hiyo aliniambia alifinywa na mlango. Na mimi nikamwamini! Ngoja nimchezee mama yake sauti yako asikie."

Jioni, Gerishon aliwaandikia wenzake kwenye kundi kwamba amepata habari za Trevor leo. Simu ikaamka ghafla. Rodney alisema mazishi yalipangiwa kundi jingine, akadhani Lenny amemwambia. Lenny alisema alidhani Rodney. Wengine wakaweka mikono ya maombi. Gerishon alisoma jumbe zote, akatafuta hasira moyoni asiione. Walikuwa wamemsahau, si kwa ubaya; alikuwa mbali tu.

Ndani ya basi aliketi na Henry, mlinzi mwenzake kutoka Bungoma.

"Mbona hivyo, ndugu?"

"Nimefiwa. Rafiki yangu. Tulicheza naye besiboli."

"Pole sana." Henry alitafakari kidogo. "Besiboli ni ile ya rungu?"

"Ndiyo, ile ya rungu."

"Na yeye alikuwa anapiga?"

"Alikuwa anadaka," Gerishon akasema, akaanza kueleza jinsi mdakaji anavyochuchumaa na jinsi anavyomwonyesha mrushaji ishara kwa vidole. Walipofika kwenye mzunguko mkubwa wa barabara aligeuka, akakuta Henry amelala, kichwa kimeegemea kioo. Gerishon akamalizia maelezo yake kwa sauti ndogo, akatazama majengo ya Lusail yakibaki nyuma.