Mpozaji wa Kilomita ya Kumi na Nne

Saa nne na dakika kumi asubuhi taa ya gia boksi iliwaka kwenye dashibodi ya gari la wagonjwa. Dereva alisimama katikati ya mchanga kabla oili haijaanza kunuka. Hakuzima injini. Aliweka gia huru, akashuka, akaanza kulizunguka gari, maana siku hizi kukaa kitini na mgonjwa yuko nyuma kulikuwa kumemshinda.

Nyuma alilala mzee mwenye ngiri, binti yake kamshika mkono. Muuguzi alitazama saa.

Baada ya dakika mbili mama mmoja, fundi cherehani, alitokea upande wa kulia, akawasalimia, akatandika gunia na kuingia chini ya gari. Akaanza kuipepea gia boksi kwa kipande cha katoni.

Fundi huyo alikuwa amefariki mwezi wa tatu, mahali hapohapo, ndani ya gari hilihili. Alikuwa anatokwa na damu, uchungu wa kuzaa umemkaza, na gari lilikuwa limepiga mchanga kilomita tano bila kupumzika. Gia boksi ikachemka. Walingoja dakika hamsini ipoe. Mtoto alitoka mzima, mama hakuzimaliza dakika zile. Gari halikuwa na rejeta ndogo ya kupozea oili ya gia boksi, na dereva alikuwa ameshaiandikia ofisi barua tatu kuiomba.

Sasa, kwa kupepewa, gia boksi ilipoa kwa dakika kumi na mbili.

Binti wa mgonjwa aliuliza yule mama ni nani. Muuguzi akamweleza. Binti akashuka, akampelekea maji ya kunywa.

"Mtoto ameota meno?" fundi aliuliza kutoka chini.

"Mawili ya chini," muuguzi akajibu.

Katoni ilitulia kidogo, kisha ikaendelea.

Nyumbani dereva alikula amesimama. Mkewe alimwambia aketi, hata viti vimeanza kumsahau. Badala yake aliandika barua ya nne. Alieleza kwamba kazi ya rejeta inafanywa na marehemu, hana likizo, na kwamba yeye dereva anaona aibu kumtazama usoni.

Mkuu wa usafiri alikuja mwenyewe hadi kilomita ya kumi na nne, kwa gari lake jipya lenye rejeta zote, ingawa halikuwa limewahi kuacha lami kabla ya siku hiyo. Aliinama kando ya gari la wagonjwa, akampa fundi pole ya msiba. Fundi akaipokea. Mkuu akapima muda kwa simu, akaandika.

"Mbona mnapozewa vizuri tu," alisema.

"Bosi, huyu ni marehemu," dereva akasema.

"Nimemwona. Na hachelewi kazini."

Wiki iliyofuata ofisi ililifunga ombi. Kwa kuwa gari lilikuwa halipotezi muda tena, liliongezewa njia ya pili, ya kupanda milimani. Kwenye ratiba mpya, iliyopigwa muhuri, palikuwa na mstari: Kilomita 14, mpozaji, yupo.

Siku ratiba hiyo ilipotoka dereva alipita kilomita 14 na msichana aliyeumwa na nyoka. Taa iliwaka palepale. Fundi akatandika gunia lake. Dereva alizunguka gari mara nne, kisha akachuchumaa karibu na tairi na kumwambia kwamba barua imejibiwa.

"Wamesemaje?"

"Wamesema unatosha."

Fundi alipepea, akahamia upande wa pili wa gia boksi, akapepea tena. Mwishowe aliuliza huko milimani gari huchemkia wapi. Dereva akamwambia ni kwenye kona ya pili, penye kifusi.

"Huko hajafa mtu," fundi alisema.

"Bado," dereva akasema.

Taa ilizimika. Alipanda, akaingiza gia, akaondoa gari.