Alama Mbili kwenye Mpira wa Pedali

Maji machafu yalikwishavuka kizingiti cha chumba cha tanuri, meupe kwa unga, yakiyanyemelea magunia kama mwizi anayeijua nyumba. Mwokaji wa mikate alisimama juu ya kibao, suruali kaikunja hadi magotini. Nyuma yake kinyunga, unga wa mikate aliokwisha kuukanda, kilikuwa kimeumuka mpaka kinachungulia nje ya karai.

"Mama, kinyunga hiki hakijui kusubiri!" alilia. "Kikishuka tu, nimekwisha!"

"Mimi leo mtazamaji," akajibu bibi mmoja aliyeketi juu ya debe lililopinduliwa, mjukuu mapajani. "Fundi yule pale."

Fundi yule pale alikuwa mke wa mwanawe. Kwa miaka mingi mama mkwe ndiye aliyezibua mabomba ya mtaa mzima kwa mashine yake ya waya mrefu unaozungushwa na mota, hadi mgongo ukagoma kuinama. Mashine ikabaki na watu wawili wanaoitaka: mkwe huyu, aliyesoma ufundi darasa la jioni huku akimnyonyesha mtoto dawati la nyuma, na shemeji yake, aliyetaka kuifungua na kuuza mota. Mama mkwe akakata shauri: "Kazi ya kwa mwokaji ni yako, mwanangu, peke yako. Ukiiweza, mashine ni yako. Ikikushinda, shemeji yako anaibeba."

Shemeji naye hakuwa mbali. Alikuwa mlangoni, amekalia mkokoteni wake mtupu, anatafuna kijiti.

Mkwe akavaa glavu za ngozi, akaingiza ncha ya waya kwenye tundu la sakafuni, akachomeka plagi, akakanyaga pedali.

Kimya.

Akakanyaga tena. Ngoma iliyobeba waya haikutikisika hata kidogo.

"Mota hiyo imeungua," shemeji akatangaza, akishuka mkokotenini. "Pole, shemeji. Darasa la jioni halikufundisha kufufua maiti?"

Mkwe masikio yalimwaka moto. Wiki nzima mashine ile ililala sebuleni kwake. Aliufuta waya pindo kwa pindo, akaupaka mafuta, akaongea nayo kama mgeni wa heshima, na mtoto akatambaa akiizunguka. Iungue leo? Alikwishashika bisibisi kuifungua mota pale alipokutana na jicho la mama mkwe.  Bibi alikuwa ameapa kunyamaza. Ila aliutazama mguu wake mwenyewe, akaupigapiga chini.

*Anzia mguuni, umalizie moyoni.* Ndivyo alivyozoea kusema kila mashine ilipogoma: mota huguswa mwisho.

Mkwe akairudisha bisibisi mfukoni. Akachomoa plagi, akachomeka pale feni ya mwokaji. Feni ikavuma. Basi umeme upo. Akairudisha plagi ya mashine, akabonyeza kitufe chake cha usalama, taa ikawaka. Hapa pia pako sawa. Akakanyaga pedali polepole, sikio limeinamia mashine. Siku zote pedali ikikanyagwa husukuma upepo kupitia mpira mwembamba, na upepo huo hugonga swichi: *ta!* Leo hapakuwa na *ta*. Palikuwa na *fyuuu*.

"Shemeji!" akapiga kelele, nusura aruke. "Mota haijaungua! Upepo haufiki!"

"Upepo gani tena?"

"Baba, naomba ndoo ya maji safi! Haraka!" akamwambia mwokaji.

Akachomoa plagi, akauvuta mpira, akauzamisha ndooni na kukanyaga pedali kwa mguu wa kushoto. Mapovu yakapanda, bubu-bubu-bubu, karibu kabisa na pedali. Mwokaji, ambaye maisha yake yote alikuwa ameziba pancha za baiskeli, akacheka kwa sauti.

"Ni pancha! Mashine nzima imelazwa na pancha!"

"Panya huyo," shemeji akanung'unika.

Mkwe akausogeza mpira mwangani. Ulikuwa mkavu, umechoka kwa uzee. Penye tundu palikuwa na alama mbili ndogo zilizokaa sambamba, kama zimepigwa muhuri. Panya hatafuni kwa adabu hivyo. Akazitazama, kisha akageuka taratibu kumtazama mwanawe, yule ambaye bibi yake humwita "mume wangu Kibogoyo" kwa sababu miezi kumi imepita na hajaota hata jino moja.

Lakini kinyunga hakingoji. Akaikata ncha mbovu kwa kisu cha mwokaji, akausukuma mpira uliobaki kwenye shina la pedali mpaka ukakaza, akachomeka plagi, akakanyaga.

*Ta!* Ngoma ikanguruma, waya ukazunguka. Akausindikiza chini kidogo kidogo, mkono ukisikiliza. Mahali fulani ukawa mzito, ukataka kujipinda. Hakuulazimisha. Akauachia, akaurudisha nyuma, akausogeza tena, hadi kitu kikakatika kule chini. Sakafu ikapiga mbweu. Maji yakaanza kuzunguka juu ya tundu, kwanza kwa uvivu, kisha kwa pupa, yakayaacha magunia salama.

"Yanaondoka! Yanaondoka!" Mwokaji alirukia karai lake, akakinyanyua kinyunga kama mtoto mchanga.

Mkwe akazima, akavua glavu, akanawa kwa sabuni mara mbili, akapiga magoti mbele ya debe na kumpitishia mwanawe kidole kwenye ufizi wa chini.

"Aa!" Akakichomoa kidole, machozi na kicheko vikagongana. "Mama! Amening'ata! Ni mawili!"

"Toka hapa!" Mama mkwe akasahau mgongo, akasimama wima. "Mume wangu? Kaniotea meno bila ruhusa?"

Mtoto akacheka, akaonyesha vijino viwili vyeupe kama punje za mchele.

Shemeji akakuna kichwa. Akaitazama mashine, akautazama mkokoteni. Kisha akainama, akaipakia kwa uangalifu, waya ukiwa umekwishaoshwa na kufutwa.

"Haya, mama, niipeleke wapi? Kwangu?"

"Kwa mama wa mwenye meno," akajibu bibi.

"Na ukifika, shemeji," mkwe akadakia, akimfunga mwanawe mgongoni, "pedali uitundike juu. Juu kabisa!"