Chai Aliyoikataa Kamishna

"Rudisha hiyo ndoo nyuma! Nyuma, nimesema! Unataka ng'ombe wangu watupe mimba?"

"Maji ni ya Mungu, Mama Yoakimu."

"Ya Mungu, sawa. Lakini chemchemi ni ya watu."

Judica alishuka kwenye bodaboda akakuta ugomvi umeshapamba moto. Upande wa maji, pamoja na wanawake wenzake, alisimama Philomena, mama yake Yoakimu, mwanamke wa mdomo mrefu lakini moyo wake si mbaya. Ndiye aliyempikia Bernadina uji siku alipojifungua. Na Bernadina mwenyewe alikuwa hatua ishirini huko juu, na ndoo yake ya njano, tupu.

Mwezi wa tatu Bernadina alizika mtoto wake wa kwanza, Lameck, wa miezi minne. Kwa mila ya zamani ya Wairaqw, mama aliyepatwa na hilo anaingia metimani: hachangii maji na watu, haingii nyumba ya mtu, wala mtu haingii kwake, mpaka muda wake uishe. Wengi huku Tumati walishaiacha, na kanisani inasemwa vibaya. Lakini mwaka huu ndama walikufa, watu wakatafuta sababu, na sababu ikapatikana jirani. Mumewe, Octavian, akakimbilia Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu, ambako hakuna anayemjua. Bernadina akabaki peke yake. Ndipo akatafuta namba ya kamishna wa haki za binadamu na kupinga ubaguzi mkoani, akapiga, akalia, akaandikisha malalamiko. Kamishna mwenyewe ndiye huyu Judica, mtu wa Same.

"Shikamoo, mama," Judica alimsalimia Philomena.

"Marahaba. Afadhali umekuja, umwambie huyu. Wiki ile si uliwekewa chai kwa yule, ukaikataa? Tulikuwa pale kwenye uzio, tuliona. Serikali nzima inaogopa kikombe, halafu mimi wa darasa la saba ndiyo nijifanye jasiri?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akapiga na makofi.

Ni kweli aliikataa. Kazini kwao kuna kanuni: mchunguzi hali wala hanywi kwa mlalamikaji, asije akaonekana ana upande. Alisema tu, "Asante, nimeshiba," akaendelea kuandika. Sasa alikumbuka jinsi Bernadina alivyokichukua kile kikombe, akatoka, akaimwaga chai taratibu mbele ya uzio uliojaa macho.

"Ile ni kanuni ya kazi," Judica alisema. "Si woga."

"Eti kanuni! Mbona kwa mwenyekiti Baltazar ulikunywa vikombe viwili, na makande ukala?"

Mwenyekiti hakuwa mlalamikaji. Nenda sasa ukalieleze hilo chemchemini.

"Walikuwepo watu wawili wakinichotea maji alfajiri," Bernadina alisema kutoka kule juu, bila kelele. "Mwalimu Loveness alikuwa akipita kunisalimia. Wote wameacha. Tangu siku ya chai."

Akageuka, akaondoka na ndoo yake tupu.

Judica alibaki ameinama kama mtu aliyedondosha kitu. Kisha akatoa simu, akapiga ofisini, pale pale mbele ya watu.

"Sylvester, jalada la Tumati chukua wewe. Mimi nimejitoa. Ndiyo, najua litaanza upya. Najua ni miezi."

Alimfuata Bernadina mpaka kwake. Bernadina akamtolea kigoda nje, mbali na mlango.

"Kaa hapo. Kanuni yako ninaijua."

"Jalada lako si langu tena, dada. Amelichukua mwenzangu."

"Kwa hiyo na wewe umeniacha."

"Nimeacha karatasi."

Bernadina aliingia ndani. Mwiko ukasikika ukikwangua sufuria, sufuria ndogo. Ng'ambo ya uzio Mama Yoakimu alikuwa ameshafika, ndoo kichwani, maji yakimdondokea begani, na wala hakuyafuta.

Judica hakukaa kwenye kigoda. Alisogea mpaka mlangoni, akavua viatu.

"Hodi, Mama Lameck."

Mwiko ukanyamaza. Tangu mwezi wa tatu hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Alikuwa "yule", basi. Alitokea mlangoni macho yamejaa machozi, akaufuta mkono kwenye kanga, akaufuta tena ingawa ulishakauka.

"Ni kidogo," alisema. "Nimezoea kupika cha mtu mmoja."

"Kinatosha."

Bernadina akatupa jicho kwenye uzio, kisha akasogea pembeni, akauachia mlango.

"Karibu ndani, tule."