Nusu ya Daraja

Waziri wa Ujenzi alikuwa akipiga mswaki, povu limemjaa mdomoni, simu ilipoita. Alikuwa mhandisi mkuu wa daraja.

"Mheshimiwa, watu wanapita," alisema mhandisi.

Waziri alitema povu. "Wanapita wapi?"

"Darajani."

"Si limeishia katikati ya mto?"

"Limeishia katikati, Mheshimiwa. Wao wanaendelea."

Waziri alisukutua, akajifuta mdomo kwa taulo, akamwambia mkewe kwamba chai ataikuta ofisini. Mkewe, aliyekuwa ameinama akitafuta kiatu cha pili chini ya kitanda, aliuliza kuna nini. Alijibiwa kwamba daraja limeanza kutumika. "Hongera, baba watoto," akasema bila kuinuka. Na hongera hiyo aliistahili, maana daraja lile lilikuwa limekula nusu ya umri wake wa siasa.

Mitaani walimwita Nusu Shari. Jina hilo alipewa na mahasimu tangu alipokuwa katibu wa chama cha walimu, siku alipotoka kwenye mazungumzo na nusu ya nyongeza iliyodaiwa, wenzake wakiwa wamekwisha kuandika mabango ya mgomo. Wenye damu moto walimwita msaliti. Yeye aliwaambia kwamba mtaka yote hukosa yote, na heri nusu shari kuliko shari kamili. Jina likamganda. Hakulichukia. Kwa nusu nusu hizo aliingia bungeni, na kwa nusu nusu hizo aliwapatia watu mambo ambayo wapiga kelele hawakuwahi kuyapata. Sheria ya kuwalinda vibarua ilipita imekatwa kiuno, lakini ilipita. Wafungwa wa kisiasa hawakufunguliwa wote, ila waliofunguliwa walikwenda kulala kwao. Hakuiba, na hakumfokea mtu. Akikaa mezani na bahili, alimsikiliza, akamsifia, akamngoja mpaka achoke, mwisho akaondoka na nusu mkononi. Ni wangapi wanaoondoka na chochote?

Daraja lilikuwa jambo jingine. Ng'ambo ya mto ndiko alikozaliwa. Mama yake alifia gatini akisubiri kivuko kilichoharibika, hospitali anaiona kwa macho upande wa pili. Baada ya mazishi, dada yake mkubwa, mkunga wa zahanati ya kule, alimshika ukosi wa koti mbele ya waombolezaji. "Umekuwa mkubwa, mdogo wangu. Sawa. Lakini kwangu usije tena kwa kivuko. Siku ya kuja, njoo kwa daraja." Miaka ikapita. Dada hakupokea simu zake, na zawadi alizirudisha bila kuzifungua. Watoto wa Waziri walimjua shangazi yao kwa picha moja tu, na hilo lilimuuma kuliko matusi yote ya magazetini.

Kwa hiyo alipokabidhiwa Wizara ya Ujenzi, jambo la kwanza alilolipeleka kwenye baraza la mawaziri lilikuwa daraja. Waziri wa Fedha, mtu mcheshi mwenye tabia ya kulipigapiga tumbo lake kama mnunuzi wa matikiti, alimwambia, "Ndugu yangu, nusu hii hapa. Nusu ya pili tutaona." Nusu Shari aliichukua. Akaijenga kwa uaminifu, zege safi, vyuma vya pembeni vimepakwa rangi ya buluu mpaka ukingoni, akiamini kwamba hakuna serikali yenye haya itakayoacha daraja likining'inia mtoni.

Asubuhi ile alisimama na mhandisi pale zege lilipokoma. Walikuwa wanapita kweli. Walipita akina mama na vikapu vya nyanya, mwalimu na madaftari ya kusahihisha kwapani, fundi seremala akisukuma baiskeli iliyobeba mlango. Walifika mwisho wa zege, wakakanyaga hewa, wakaendelea kwa mwendo uleule mpaka ukingo wa ng'ambo. Wawili walisimama katikati wakasalimiana kwa kirefu, wakaulizana hadi habari za mbuzi. Maji yalipita chini yao, mbali.

"Wewe umejaribu?" aliuliza Waziri.

Mhandisi alimwonyesha goti la suruali lililochanika. "Nilidaka chuma, Mungu akasaidia. Mimi halinibebi. Meneja wa mradi halimbebi. Vibarua wangu wote wanapita."

Waziri aliwatazama wapitaji, akaelewa mapema kuliko alivyotaka. Aliwajua. Hao ndio waliojengewa darasa lenye kuta bila paa, wakapewa nusu ya dozi zahanati, wakalipwa nusu ya mshahara na kuambiwa wavumilie. Tangu kuzaliwa walipewa nusu wakajazia wenyewe iliyobaki. Sasa walikuwa wamepewa nusu ya daraja, nao walifanya kama walivyozoea.

"Nishauri," alisema.

"Tukifunga njia leo, tukisema halijaisha, watalazimika kutoa fedha iliyobaki," alisema mhandisi. "Lakini tukilizindua, Mheshimiwa, wakaja wakaona..."

Waziri alitazama ng'ambo, kwenye bati jekundu la zahanati. Kulifunga daraja maana yake ni mwaka mwingine wa vikao, pengine miwili, na dada yake alikuwa akizidi kuzeeka. Alijiambia kwamba bandu bandu huisha gogo.

"Lizinduliwe," akasema.

Sherehe ilifana. Rais alikata utepe uliofungwa pale zege lilipokoma, bendi ya polisi ikapiga, puto zikapaa. Waziri wa Fedha, ambaye hakupenda kupitwa na kamera, alinyoosha mguu nje ya ukingo. Kiatu kikamtoka kikaenda na maji, naye akarudishwa na mlinzi wake kwa kuvutwa mkanda wa suruali. Alicheka kuliko watu wote. Halafu umati wa ng'ambo ukaanza kuvuka kuja kumlaki mtoto wao, wazee kwa vijana, watoto mabegani, wakiimba jina lake. Mtu hutukanwa nalo miaka yote, kisha siku moja anaimbiwa. Moyo wake ulijaa hadi koti likambana.

Dada yake alitangulia mbele yao, amevaa gauni jeupe la kazi na kandambili, akasimama hewani karibu na ukingo. Alikuwa ameota mvi kichwa kizima.

"Njoo basi," alisema.

Waziri alinyoosha mguu. Hapakuwa na kitu. Akajaribu na mguu wa pili, akapapasa kama mtu anayetafuta ngazi gizani, lakini ilikuwa hewa tu. Alizaliwa kule, akala mkate wa kugawana, akalala mkeka wa kugawana. Lakini hayo yalikuwa ya zamani, na kwa miaka mingi sasa hakuwa amepungukiwa na chochote. Aliona aibu iliyomshika hadi masikioni.

"Siwezi, dada. Hapana kitu hapa."

Dada yake alitazama chini ya kandambili zake. "Ni kweli, hapana kitu," alisema. "Sisi tunapita tu."

Watu hawakutaka shughuli iharibike. Wapagazi wa sokoni walichukua kiti kimoja kutoka meza kuu, wakamkalisha Waziri, wakamwinua mabegani, wakaingia naye hewani. Vigelegele vilipanda, bendi ikaongeza sauti, hata Rais akapiga makofi kwa kufuata mdundo. Katikati ya mto Waziri alimwinamia mpagazi aliyekuwa kulia kwake.

"Nawalemea?"

"Hata kidogo, Mheshimiwa. Tumezoea."

Machozi yakamtoka Waziri. Watu wakadhani ni furaha, wakashangilia zaidi, na kusema kweli nusu yake ilikuwa furaha.

Nyumbani kwa dada waliketi jikoni, magoti yao yakigusana chini ya meza ndogo.

"Umekuja," alisema dada.

"Nimebebwa."

"Nimeona. Lakini umekuja." Akamshika uso kwa mikono yote miwili, wakalia kidogo, wakachekana kwa kulia. Halafu akainuka kuteleka chai, na akiwa amempa mgongo akasema, "Ila usiende kuwaambia wakubwa wenzako kwamba tunaweza."

"Wamekwisha kuona, dada. Niliwaalika mimi."

Mkono wa dada ulisimama juu ya birika. Hakumfukuza. Alimmiminia chai, akauliza habari za watoto mmoja mmoja, hata za meno yao, akasema waje likizo. La daraja hakulitaja tena.

Katika kikao kilichofuata Waziri wa Fedha aliingia na viatu vipya. "Waheshimiwa," alisema, "anayeweza anapita, asiyeweza anabebwa. Nani kabaki?" Walitafuta wakaona kweli hakuna aliyebaki. Ikaamuliwa kwamba tangu siku hiyo hospitali, shule na mabomba ya maji yachorwe nusu tangu mwanzo, ili kuokoa hata gharama za ramani. Nusu Shari aliomba kusema. Alitetea nusu ya pili kwa utulivu na kwa hoja, kwa sauti ile ambayo haikuwahi kupanda, na wote walimsikiliza kwa heshima kubwa. Mwisho wakampa ahadi ya nusu ya hiyo nusu. Aliitazama meza, akamtazama kila mmoja, akaipokea.

Ndipo Rais akatangaza kwamba Waziri Mkuu mpya ni yeye, kwani nchi nzima haina mwingine anayeweza kuwafurahisha watu wengi kiasi hicho. Baraza zima likasimama kumpigia makofi. Makofi yakatoka nje ya mlango, yakamfuata kwenye korido, makarani wakayapokea, madereva wakayapokea, yakashuka naye ngazi hadi chini.

Chini ya ngazi alisimama mama wa chai, mkazi wa ng'ambo, ambaye kila asubuhi alikuja kazini kwa kutembea hewani. Aliweka sinia chini, akamshika mkono kwa mikono miwili, macho yake yanang'aa.

"Hongera, mzee wetu," alisema. "Umetuvusha."

Waziri Mkuu alifungua mdomo amwambie kwamba si yeye aliyewavusha. Lakini makofi yalikuwa mengi, mama wa chai asingesikia. Akapunga mkono.