Jibu Alilolificha Hilali

Mwaka mmoja baada ya Uhuru, daktari mmoja wa Tabora alimwita Hilali chumbani peke yake, akamwambia, "Mkeo mzima kabisa. Sasa tukupime wewe."

Hilali akahamaki. Yeye, mwenye duka la vitambaa, mwanaume na ndevu zake, apimwe! Alitoka nje akamkuta mkewe, Masika, anasubiri kwenye benchi. Na lo, maneno yakamponyoka: "Daktari anasema kizazi chako kimefungwa."

Masika aliamini. Kwa nini asiamini? Aliyeingia kwa daktari ni mumewe. Hazikupita siku nyingi akapewa talaka, akarudi kwao Urambo, na mji mzima ukamjua kwa jina la tasa.

Hilali akamwoa Semeni. Basi wakakaa, wakakaa wee, miaka kumi na tatu, mtoto hakuna. Semeni hakuwa mtu wa kuburuzwa. Alimwambia wazi kwamba asipokwenda kupimwa, yeye anarudi kwao. Ndipo bwana mkubwa akaenda, kichwa chini.

"Mbegu zako hazikomai," daktari mwingine alimweleza, akimwonyesha kwenye darubini. "Mwilini kuna vimeng'enya vinavyosimamia protini, ipi ijengwe na ipi iliyoharibika ivunjwe. Vikienda kombo, mbegu inatoka nusunusu, mkia umejikunja, haifiki popote. Nadhani ndiyo shida yako, ingawa hapa sina kipimo cha kuvipima."

"Tangu lini?"

"Pengine umezaliwa hivyo. Na dawa sina, mzee wangu."

Usingizi ulimpaa Hilali wiki nzima. Alijuta mpaka chakula kikamshinda. Mwishowe akapanda garimoshi hadi Urambo, kisha akatembea mpaka kijiji cha Ujamaa walikohamishiwa kina Masika. Alimkuta nje ya bani la kukaushia tumbaku, anapanga majani, mabichi huku, makavu huku. Alimsimulia yote, benchi, uongo, darubini. Hakuficha kitu safari hii.

"Nisamehe, Masika. Niliogopa aibu."

Masika aliweka majani chini.

"Kuniacha nilishakusamehe zamani," alisema. "Lakini nilipofika huku, Twalibu, karani wa ushirika, aliniposa. Mtu mwema, na nilimpenda, sikufichi. Hakuwa na mtoto, alikuwa anatamani watoto jamani! Nikamhurumia. Nikamwambia mimi tasa, tafuta mwingine. Alikuja mara tatu, mara tatu nikamfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe. Sasa ana watoto wanne na mke wake."

"Masika, mimi sikujua..."

"Ulijua mimi mzima."

Hilali akatazama chini. Alitaka kulia, akaona haya kulia mbele yake.

"Nina miaka arobaini na sita," Masika alisema. "Hedhi yangu ilikatika mwaka jana. Hii habari uliyoniletea, Hilali, niambie, nikaifanyie nini?"